Baridi Nzima Bila Kumfokea Neville

3 Novemba

Joanne amesema niandike. "Kila ukiona kitu, Mama, andika, tena weka tarehe. Usije ukafika kwa daktari ukaanza kubabaika." Haya, naandika. Daftari nimelinunua sokoni, nalificha kwenye kabati la unga, maana Neville hajawahi kulifungua kabati hilo tangu tuoane.

Jambo lenyewe ni hili. Naogopa akili ya mume wangu imeanza kumtoka, kama ilivyomtoka mama yake. Leo asubuhi, mayai yako mezani, ameniuliza: "Glenda, hela ya gesi inakatwa benki tarehe ngapi?" Neville huyu huyu, aliyetengeneza mabasi maisha yake yote na kukumbuka namba ya kila basi. Bili za nyumba hii ni zake. Zake ni bili, gari na mabomba; zangu ni jiko, nguo na siku za kuzaliwa za watu. Ndivyo tulivyogawana tangu harusi, na hakuna aliyevuka mpaka. Sasa bili zake anakuja kuniuliza mimi. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaendelea na yai lake.

Zamani ningemfokea. Mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, sioni aibu kuandika. Lakini kikaratasi alichonitumia Joanne kinasema mtu wa namna hii hagombezwi, maana kugombezwa kunamzidishia. Mama mkwe tulimgombeza sana kabla hatujajua, na hilo bado linaniuma. Kwa hiyo nimeumeza ulimi.

5 Novemba

Fataki usiku kucha, kama kila tarehe tano Novemba. Neville ameniuliza tena kuhusu gesi.

9 Novemba

Ngoja nieleze vizuri, kwa sababu hili la leo limenitisha.

Rafiki yake Gordon tulimzika mwezi wa kumi. Baada ya mazishi Neville alikwenda siku tatu mfululizo kumsaidia mjane, Pauline, kupanga makaratasi, na tangu arudi huko si yule yule. Anakaa kimya. Anaangalia ukuta. Nilidhani ni msiba.

Leo amekuja na vijitabu viwili vya benki, kimoja cha kijani, kingine cha buluu. Mtu huyu amekaa na benki moja tangu alipopata mshahara wake wa kwanza. Tawi lao la hapa Otley lilipofungwa likawa duka la kahawa, hakuhama. Aliapa hatakanyaga duka hilo, na hajakanyaga. Leo anataka kuhama.

"Hii ya kijani," akasema, "inakata ada ya pauni tatu kwa mwezi. Halafu inakurudishia pauni moja kwa kila mia unayolipa kwenye bili za nyumba. Gesi, umeme, maji, simu, kodi ya halmashauri."

"Unailipa benki," nikasema taratibu, "ili benki ikurudishie hela yako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na tukibaki tulipo?"

"Haturudishiwi kitu."

"Na hatukatwi kitu."

"Ndiyo maana nataka hesabu upige wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Glenda. Ya buluu ada yake ni pauni kumi, lakini inarudisha zaidi, tena ina bima ya safari."

Bima ya safari! Safari yetu sisi ni ufukweni Filey, wiki moja kila Julai, ndani ya karavani, nyumba ya magurudumu ya kaka yangu. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nilitaka kumwambia kwamba mtu anayetaka kuuziwa hela zake mwenyewe apelekwe akapimwe. Kisha nikakumbuka kwamba huko ndiko tunakoelekea, nikaufunga tena.

"Wazo zuri, mpenzi," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani anajaribu kukumbuka tulikuwa tunazungumza nini.

16 Novemba

Ameingia stoo, akasimama, akatoka mikono mitupu. Nimemuuliza kwa upole alikuwa anatafuta nini. Amesema hajui.

22 Novemba

Joanne alikuja kutoka Leeds kula nasi mchana. Neville amemwita Tessie. Tessie alikuwa mbwa wetu, amekufa siku nyingi. Joanne akacheka, mimi nikaenda jikoni nikajifanya nakoroga mchuzi.

Tukiwa tunaosha vyombo akaninong'oneza, "Mama, mpeleke kwa daktari."

"Baada ya Krismasi."

"Kwa nini baada ya Krismasi?"

"Kwa sababu nataka Krismasi moja zaidi."

Joanne alikausha sahani ile ile mpaka nikamnyang'anya.

30 Novemba

Mvua. Gesi tena, na safari hii maji pia: "Kampuni ya maji inaitwaje, Glenda?" Nikasema sikumbuki, nikamwekea kipande kikubwa cha keki ya tangawizi. Anakula vizuri. Hilo ni jambo la kushukuru.

4 Desemba

Nimepiga hesabu. Nilikaa mezani yeye alipokuwa bustanini kwake, kile kishamba tunachokodi kwa halmashauri, ambako wakati huu wa mwaka hakuna cha kufanya ila kunywa chai ndani ya kibanda na wazee wenzake.

Nimeona hivi. Ile ya buluu inataka kukamua wanaosafiri ng'ambo, na sisi si watu hao. Bima yake ya gari nayo hatuihitaji: letu tayari lina bima ya kukokotwa likiharibika njiani. Ile ya kijani, kwa bili zetu, itarudisha pauni nne na ushee kwa mwezi, itoe tatu zake, tubaki na hela ya kununua mkate mdogo. Nilipomwambia, uso wake ukachangamka ajabu.

"Umejuaje bili zetu ni kiasi gani?"

"Nimeziangalia kwenye droo yako."

"Zote?"

"Zilikuwa kila mahali, Neville. Ya gesi ilikuwa ndani ya kitabu cha ndege wa bustani."

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Nikawaza kwamba kama benki ya kijani inamfurahisha hivi, pauni tatu kwa mwezi si kitu. Kuna watu wanalipa zaidi ya hapo kwa dawa.

11 Desemba

Tumefungua akaunti ya kijani kwa majina yetu wote wawili. Kadi yangu mwenyewe imekuja na posta. Neville alinisimamia mpaka nikachagua namba ya siri, kisha akasema, "Usiniambie. Ikae kichwani kwako." Nimeelewa. Hajiamini tena na namba. Nilimbusu kwenye upara, akashtuka kama amemwagiwa maji.

25 Desemba

Bata mzinga mkavu. Neville alikumbuka maneno yote ya kila wimbo. Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu vya kujazia bata.

13 Januari

Theluji. Barabara ya juu imefungwa.

31 Januari

Benki imerudisha pauni nne na peni thelathini. Neville aliniita kutoka bafuni nije nione kwenye simu, nikaja na taulo kichwani. Orodha yote ilikuwa pale: gesi, umeme, maji, simu, kodi ya halmashauri, na mbele ya kila bili kile kilichorudi.

"Toa tatu zao," akasema, "tumebaki na pauni moja na peni thelathini. Unaona, Glenda? Ukurasa mmoja tu. Kila kitu kiko hapa."

"Naona, mpenzi. Hongera."

"Isome tena."

Nikasoma tena, kwa sauti, na nywele zangu zinadondosha maji zuliani. Aliniangalia kama mwalimu anayesubiri mtoto apatie. Maskini, nikawaza, anataka nimthibitishie kwamba bado yupo.

14 Februari

Amesahau Siku ya Wapendanao. Lakini hii huwa anaisahau kila mwaka, kwa hiyo siiweki kwenye orodha.

28 Februari

Limetokea nililoliogopa.

Neville aliacha taarifa ya benki mezani, imefunguliwa, juu ya bakuli la sukari, akaenda zake kibandani. Nikaitazama kwa sababu sasa nimezoea. Zimerudi pauni mbili na peni arobaini. Ada imekatwa pauni tatu. Kwa maneno mengine, mwezi huu tumeilipa benki ituonyeshe bili zetu.

Nikafuata orodha kwa kidole. Gesi ipo. Umeme upo, maji yapo, simu ipo. Kodi ya halmashauri haipo.

Nikarudia kutoka juu. Haipo.

Mama yake Neville alianza hivi hivi. Alikuwa mwanamke safi, kila bili ikilipwa siku inapofika, kisha siku moja tukakuta barua za halmashauri zimejaa nyuma ya saa ya sebuleni, nyingine hazijafunguliwa, na amri ya mahakama ikiwa katikati yao. Tulipomuuliza alilia kama mtoto na kusema amelipa, amelipa, kwa nini hatumwamini. Baada ya miaka miwili hakumjua hata Neville.

Neville alikuwa mlangoni siku ile mama yake akilia. Siwezi kumsimamisha mahali pale pale nimuulize swali lile lile. Siwezi.

Aliporudi alinikuta nimeshika taarifa.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeiona."

"Na?"

"Iko sawa tu, mpenzi. Usijali kitu."

Akavua kofia yake polepole. Sura ilimshuka kabisa. Akapanda ngazi bila kunywa chai.

3 Machi

Nimepiga simu halmashauri, nimejifungia chooni na bomba likitiririka. Nilisikilizishwa muziki mpaka chai yangu ikapoa. Hatimaye akapokea kijana mmoja mpole.

"Akaunti ni ya Bwana Neville Thackray," akasema. "Naomba nizungumze naye."

"Mimi ni mke wake."

"Jina lako halipo, mama. Siruhusiwi."

"Nataka kulipa. Unakataa kulipwa?"

"Sikatai, mama. Lakini siwezi kukuambia kama kuna deni, kwa kuwa hilo lingekuwa kukuambia mambo ya mwenye akaunti."

"Mwenye akaunti yuko chini anakula sandwichi ya nyama ya ulimi."

"Basi mpe simu, mama."

Nikakata. Huyo kijana angejua alivyoponea chupuchupu. Nimeomba nafasi kwa daktari, wamenipa Alhamisi. Neville nimemwambia ni goti langu, naomba anisindikize. Amekubali mara moja, hata hakuuliza goti lipi, na jioni nzima alikuwa amenishika mkono.

6 Machi

Leo nina mengi ya kuandika, na si ya huzuni.

Dkt. Mirza ni mwanamke mdogo, mchangamfu, ana picha ya paka kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nimeshamwandikia mapema kwamba mgonjwa si mimi. Tulipoketi akamgeukia mume wangu.

"Bwana Thackray, nitakuuliza maswali machache, usichukie. Leo tarehe ngapi?"

Neville akanitazama, akamtazama yeye. "Sita Machi, Alhamisi. Lakini si tumekuja kwa ajili ya Glenda?"

"Tutafika kwake. Nitakutajia jina na anwani, uvikumbuke: Peter Marlow, namba arobaini na mbili, Mtaa wa Kinu, Ripon."

Akamchoresha saa. Akamhesabisha kurudi nyuma toka ishirini. Akamuuliza habari za wiki, na Neville akamweleza habari za wiki kwa kirefu, pamoja na maoni yake, mpaka ikabidi daktari amkatize. Kisha akamwomba ile anwani.

"Peter Marlow, arobaini na mbili, Mtaa wa Kinu, Ripon," akasema Neville. "Huwezi kupata pa kuegesha gari Ripon."

Dkt. Mirza akanigeukia mimi. "Bi. Thackray, niambie kilichokutia wasiwasi zaidi."

Nilikuwa na daftari kwenye mkoba, lakini sikulihitaji. Nikasema huku naangalia magoti yangu, kwa sababu sikuweza kumwangalia Neville. Nikasema kuhusu gesi, kuhusu maji, kuhusu Tessie na stoo. "Na sasa kodi ya halmashauri," nikasema. "Hajailipa mwezi wa pili. Mama yake alianzia hapo hapo, daktari. Hapo hapo."

Nikainua macho. Dkt. Mirza alikuwa ameuma mdomo.

"Bi. Thackray," akasema, "kodi ya halmashauri watu wengi hulipa mara kumi kwa mwaka. Aprili mpaka Januari. Februari na Machi hakuna malipo. Hata mimi miezi hiyo ndiyo nanunua viatu."

"Hakuna malipo?"

"Hakuna."

"Kwa mtu yeyote?"

"Kwa wengi wetu, mama, tangu sijazaliwa."

Ndipo nikamsikia Neville. Mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka, na alipopata pumzi alisema, "Miaka yote hii. Miaka yote hii hajui," akaanza upya. Daktari naye akashindwa kujizuia. Mimi nikakaa katikati yao na mkoba wangu, na nikajisikia mwepesi kuliko nilivyojisikia tangu mwezi wa kumi na moja.

Dkt. Mirza amesema kuita mtoto jina la mbwa ni jambo la kila nyumba, na hata yeye huingia stoo akasahau alichofuata. Amechukua damu ili tuwe na uhakika, majibu wiki ijayo.

Garini Neville hakuwasha injini.

"Ulidhani mimi ni kama Mama," akasema. Alikuwa hacheki tena.

"Ulikuwa unaniuliza gesi kila siku!"

"Nilikuwa nakupima wewe, mwanamke. Pauline hakujua gesi yake ni ya kampuni gani. Gesi ikakatika, wiki nzima amekaa na koti ndani ya nyumba, hela ziko benki, hajui ampigie nani, na kila anayempigia anamwambia amlete Gordon kwenye simu. Nilipotoka kule nikajiuliza, Glenda wangu anajua nini? Nikakuuliza gesi. Hukujua. Nikakuuliza maji. Ukanipa keki."

"Ungesema tu."

"Niseme nini? Nikifa utahangaika? Ungenirushia sufuria. Nikaona nitafute akaunti ya kukusanya bili zote kwenye ukurasa mmoja, jina lako juu yake, na hicho kinachorudi kikufanye uitazame kila mwezi. Ile pauni moja ni ya peremende tu. Mwezi wa pili nikakuwekea taarifa mezani makusudi, nione kama utagundua kodi haipo na kwa nini. Ukaniambia usijali kitu." Akajifuta pua. "Halafu upole wako. 'Wazo zuri, mpenzi.' 'Hongera, mpenzi.' Miezi minne hujanifokea hata mara moja. Nilidhani umeambiwa una saratani unanificha. Leo nimekuja hapa nimejiandaa kusikia habari yako."

Nililia kwa sauti pale pale kwenye maegesho ya daktari, watu wakipita na watoto wao wenye homa. Nilimwambia mimi nimemlilia tangu Novemba huku amekaa mbele yangu anakula. Nilimwambia nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani atanikumbuka mimi, kama yeye hatanikumbuka. Akaniita mjinga. Nikamwita mjinga zaidi. Tukanunua samaki na chipsi, tukala mle mle garini mpaka vioo vikajaa mvuke.

7 Machi

Joanne amecheka mpaka simu ikamwanguka. "Mama, kwa nini hukuniuliza mimi kuhusu kodi?" Nikamwambia nilikuwa namsitiri baba yake. Akasema anakuja Jumapili na keki.

13 Machi

Majibu ya damu ni mazuri. Lehemu, yale mafuta ya damuni, imepanda kidogo, kwa hiyo keki ya tangawizi imepigwa marufuku.

18 Machi

Tumepiga simu halmashauri wote wawili, simu imewekwa mezani. Alipokea dada mmoja mwenye mafua.

"Bwana Thackray, unakubali jina la mkeo liongezwe kwenye akaunti?"

"Nakubali," akasema Neville. "Mungu awasaidie."

Nikachukua simu. Nimeomba kodi igawanywe miezi kumi na miwili badala ya kumi, ili Februari isiue mtu. Yule dada akasema watu wengi hawajui kwamba inawezekana. Nimepiga hesabu tena: kinachorudi kwa mwaka mzima ni kile kile, hakifiki pauni kumi na mbili baada ya ada. Tunabaki na kijani. Pauline nimemwambia asiifungue, kwa sababu anaishi peke yake, bili zake ni ndogo, na ada ingekula kinachorudi chote na juu yake. Ameuliza nimejulia wapi mambo haya. Nikasema nimeolewa na fundi wa mabasi.

29 Machi

Jua, la kwanza la maana mwaka huu. Nilimtuma Neville dukani kuleta maziwa. Amekaa huko saa nzima. Amerudi na gazeti, misumari, mbegu za maharage na paketi ya biskuti ambazo daktari amemkataza.

"Maziwa yako wapi?"

Akatazama mfuko. Akatazama mlango. "Nimesahau."

Nilivuta pumzi. Nilianza na maziwa, nikapita kwenye misumari, nikaingia kwenye kofia anayoiacha juu ya jiko, droo yake, kitabu cha ndege, na magoti ya suruali anayodhani yanajifua yenyewe. Nilimfokea mpaka mbwa wa jirani akabweka, mpaka mke wa jirani akafungua dirisha, akafunga tena. Nilimfokea kwa ajili ya Novemba yote, Desemba yote na theluji ya Januari. Na Neville akasimama pale jikoni na mbegu zake za maharage mkononi, anatabasamu mpaka masikioni. Nilipomaliza akavaa kofia na kurudi dukani, na nilimsikia akipiga mluzi barabara nzima.